Mbwa Asiye na Breki

Juzi, rafiki yangu, nilikuwa nikitembea taratibu kwenye njia ya msituni, mojawapo ya zile wanazotumia watu wa mazoezi, mara nikamwona mbwa akimvuta kijana juu ya baiskeli. Kijana alipaza sauti nimpishe. Nikampisha, nikajipangusa vumbi, nikashikwa na hasira niliyoifahamu vizuri. Niliizoea tangu utotoni mtaani Makongeni, miaka ya tisini, kwenye njia ya vumbi iliyopita kando ya reli.

Njia ile ilikuwa yetu sote. Jioni akina mama wa kanisa walipita wakiimba, vijana walikimbia mazoezi, na wauza mahindi walipanga majiko yao pembeni. Nyanya yangu alikuwa ameletwa kutoka Kakamega baada ya kuvunjika mguu, na daktari alisema asipotembea kila siku, mguu utakakamaa. Kazi ya kumtembeza ikawa yangu, nikitoka shule, kabla sijaosha vyombo. Alikwenda mwendo wa kinyonga, na kila tuliyekutana naye alimsalimia mpaka akajua habari za ng'ombe wa kwao.

Jirani wetu wa mlango wa pili alikuwa ameachishwa kazi kiwandani. Wenzake walirudi mashambani, wengine wakauza mitumba. Yeye aliunda kigari cha mbao chenye magurudumu ya baiskeli, akamfunga mbwa wake mkubwa aliyeitwa Komando, na kila jioni akawa anavutwa njiani, ameketi wima kama chifu. Vijana wakamwiga, wakafunga mbwa wao kwenye baiskeli. Muda si muda njia ikawa haipitiki.

Siku ya kwanza kigari kilipotujia mbio, tuliruka kwenye mtaro wa kando ya njia, mimi na Nyanya na fimbo yake. Jirani alikuja kusimama mbali huko mbele, akageuka.

"Pole, mama. Mbwa hana breki."

"Na wewe je, unazo?" Nyanya akamuuliza.

Mama yangu alikwenda kumsihi. Jirani akakubali kila neno, akamshukuru, akanywa chai yetu. Kesho yake akapita vilevile, ila safari hii alikuwa amemvisha Komando kengele shingoni, na kengele ile ikawafanya mbwa wote wa mtaa wabweke. Nilimwambia Nyanya tukatembee uwanjani. Alikataa. "Nikimpisha leo," alisema, "kesho atataka nimpishe mlangoni kwangu." Basi nikawa nimebanwa katikati ya watu wazima wawili, mmoja hasikii, mwingine hasogei, na vyombo vikinisubiri nyumbani.

Jioni moja mvua ilikuwa imenyesha na wengi hawakutoka. Tulimwona Komando akija mbio, kisha akanusa mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu, iliyokuwa ikichomwa upande wa pili wa mtaro, akakata kona ghafla. Kigari kikapinduka. Jirani akaanguka chini, na alipojaribu kuinuka, kifundo cha mguu kikamkatalia. Muuza mutura alikuwa akipigana na mbwa kuokoa nyama yake.

Nilidhani Nyanya atacheka. Alimwendea, akainama kwa shida, akakibonyeza kile kifundo kwa kidole.

"Hakijavunjika. Panda kigari chako."

"Mama, mbwa huyu hatakusikiliza."

"Nimechunga mafahali. Panda."

Nilikisimamisha kigari, jirani akapanda; Nyanya akaishika kamba ya Komando kwa mkono mmoja, fimbo kwa mkono wa pili, akatangulia. Mbwa akamfuata polepole kama ndama. Mimi nilisukuma kwa nyuma, matope hadi magotini. Njia nzima Nyanya alikuwa akimgombeza jirani: kuhusu mtaro, kuhusu kengele, kuhusu mtu mzima kukaa bila kazi akachosha mnyama. Mwishowe jirani akasema kwa sauti ndogo, "Mama, nikikaa ndani mchana kutwa, watoto wananitazama."

Nyanya hakumgombeza tena. Tulipofika mlangoni kwa jirani ndipo nikagundua kwamba tangu tulipoanza safari Nyanya hakuwa amepumzika hata mara moja.

Kifundo kilipopungua uvimbe, jirani naye akaambiwa atembee. Wakawa wanatembea pamoja, wakibishana juu ya kila kitu, Komando katikati yao. Vijana wa baiskeli walipotokea, Nyanya aliinua fimbo tu, nao wakashuka. Mwaka uliofuata Nyanya alirudi Kakamega, akapanda basi kwa miguu yake mwenyewe. Jirani alipata kazi ya udereva Mombasa, akahama na mbwa wake.

Mwezi uliopita nilipita Makongeni makusudi. Palipokuwa na njia nilikuta ukuta mrefu na lango la chuma. Mlinzi akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia, njia iliyopita hapa kando ya reli.

"Hapa hapajawahi kuwa na njia, madam," akasema, kwa upole.

Nilitafuta mtu wa rika langu wa kuthibitisha kwamba njia ile ilikuwapo. Wote waliopita walikuwa vijana.