Nábla, Msomaji wa Kondoo

Nábla Breathnach alikuwa na miaka sitini na minane, na magoti ambayo mwenyewe alidai aliyaazima kwa punda akasahau kuyarudisha. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akiwavusha wageni mlima wa Binn Odhar, kutoka ziwani hadi baharini, mwendo wa siku sita, na hakuwahi kumpoteza hata mmoja. Yupo Mfaransa aliyejipotezea mwenyewe kwa mjane wa Leitir Buí, akaoa akabaki, lakini huyo hahesabiwi. Huyo alipatikana.

Watu wa huku wakimtaja Nábla huinua kidevu kidogo kwa fahari, hata wale ambao hawasemeshani naye tangu ule ugomvi wa mashindano ya mkate kwenye maonyesho ya kijiji. Maana Binn Odhar si mlima wa kuchezea. Upepo wake siku moja ulimvua padre kofia akienda ibadani, ikaokotwa upande wa pili kichwani mwa beberu, na beberu yule akaamkiwa kwa heshima wiki nzima kabla watu hawajagundua. Nábla alipita siku hiyohiyo na wageni kumi na mmoja, na chai yao haikumwagika.

Sasa mwezi wa tisa mwaka ule alikuja Fiachra, mwenye kampuni ya matembezi iliyokuwa ikimletea wageni. Fiachra alizaliwa hukuhuku, nyumba ya akina Seoighe chini ya mlima, ila mama yake alihamia naye mjini Galway akiwa na miaka kumi, na sasa alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na minne mwenye koti la mvua lisilo na hata tone la tope. Alisema taratibu, kwa adabu, kwamba kuanzia kiangazi kijacho wageni watatembea peke yao. Simu itawaambia wapi pa kukata kushoto na wapi kulia. Hakutakuwa tena na kazi ya kuongoza. Kwa hiyo safari hii ya mwisho angefuata nyuma ya Nábla, hatua kwa hatua, aiingize njia yote kwenye simu yake.

Kwa maneno mengine, alimwomba amshikie taa huku yeye akimwibia. Nábla akakubali. Wanawake wawili wa dukani walimuuliza kama amerogwa. Aliwajibu kwamba wageni wameshaahidiwa, na ahadi ni ahadi. Lakini ukweli ni kwamba alitaka yule kijana amwone kazini. Mara moja tu, kwa macho yake. Akishaona, akiamua bado kumwondoa, basi na amwondoe.

Wageni walikuwa Wajerumani watano, na mkubwa wao alikuwa Hiltrud, mwalimu mstaafu mwenye goti bovu na ulimi mzima. Siku tatu za kwanza zilikwenda vizuri, ila kule kwenye tope la mboji simu ya Fiachra ilimtangazia kwamba amefika, naye akatua humo hadi mapajani. Nábla aligeuka akamtazama.

“Basi karibu, mwanangu,” alisema. “Ukitaka sukari kwenye chai, sema mapema.”

Siku ya nne, walipofika kwenye tandiko la mlima, pale vilele viwili vinapopeana mgongo, ukungu uliwashukia. Haukuja polepole. Ulianguka kama blanketi lililorushwa na mtu mwenye hasira, mzito kiasi kwamba Hiltrud alipopiga chafya, chafya ilikaa ikingoja ukungu uipishe njia. Upande mmoja wa pale kuna mteremko mzuri unaoshuka hadi kwa akina Seoighe. Upande mwingine kuna Log an Iolair, genge ambalo jiwe likianguka una muda wa kukohoa kabla hujalisikia likifika.

Fiachra akatoa simu. Simu ilisema wako katikati ya ziwa. Akaifuta, akaiinua juu, akaizungusha; ikasema bado wako ziwani, ila sasa wanatazama kaskazini. Kisha baridi ikamaliza chaji yake na ikazimika. Wageni wakatazamana kama watu wanaohesabu watoto waliowaacha nyumbani.

Hapo ndipo kondoo walipojitokeza, watatu, kana kwamba ukungu umewazaa. Na hapa kwetu kila nyumba ina rangi yake na mahali pake pa kumpaka kondoo, maana juu kule hakuna uzio wa kuwatenga. Jike humwonyesha mwanawe kipande cha mlima alichoonyeshwa na mama yake, na mwana hula hapo mpaka kufa. Ukiijua rangi unamjua mwenyewe, na ukimjua mwenyewe unajua umesimama wapi.

Fiachra naye alilijua hilo. Uso ukamng'aa. Akasema hiyo ni bluu, na bluu ni ya kwao, hao ni kondoo wa babu yake. Wakiwafuata watatokea mlangoni kwa mjomba Colmán na chai iko mezani. Akaanza kwenda, na Wajerumani wawili nyuma yake.

Nábla hakupiga kelele. Alipanda hatua tatu, akasimama mbele yake akamshika mkono wa koti.

“Fiachra. Hiyo bluu iko wapi?”

“Begani.”

“Na ya babu yako?”

Kijana akajigusa bega, kisha mgongo, kana kwamba angeikuta huko. Huku kwetu mtu huweza kusahau siku ya ndoa yake na akasamehewa, lakini kusahau alama ya nyumba yenu, hilo hata walevi hawajawahi. Bluu begani ni ya akina Mac Giolla, na kondoo wao wana wazimu wa ukoo: hula majani ya ukingoni kabisa mwa Log an Iolair, nyuma hewani, mdomo ardhini.

Mwingine angecheka mpaka jino limdondoke. Nábla hakucheka.

“Pajani, mwanangu,” alimwambia taratibu, wageni wasisikie. “Bluu pajani. Akina Seoighe wanapaka pajani tangu kabla babu yako hajaota ndevu. Usiisahau tena.”

Kisha akachukua begi la Hiltrud akalitundika juu ya lake, akageuza shavu upande wa upepo, akaanza kusoma. Nyekundu shingoni: hao ni wa Cáit mjane, kwa hiyo chemchemi iko juu yetu, shukeni kidogo. Kijani mgongoni: tumezidi, rudini kulia. Alikuwa akiwataja kwa sauti kama mtu anayepita barabarani akiwasalimu majirani vibarazani. Halafu wakatokea majike wanne wenye nyekundu shingoni na bluu pajani, yote mawili, wamesimama wakiutazama ukuta wa kale wa mawe.

Nábla akapumua. Akaeleza kwamba binti wa akina Seoighe alipoolewa kwa mwana wa Cáit, alipewa majike ishirini, nao na vizazi vyao hupakwa rangi zote mbili. Miaka kumi na minane sasa. Majike wale walikufa zamani, lakini wajukuu wao, ambao hawajawahi kuishi upande wa pili, bado huja kusimama pale penye pengo la ukuta wakitaka kurudi kwao.

“Pengo ndilo hili,” alisema. “Waombeni mabibi njia, mpite.”

Wakapita. Upande wa pili bluu zilikuwa pajani, moja baada ya nyingine, kondoo arobaini au zaidi. Fiachra alisimama katikati yao, na ingawa mvua ilikuwa haijaanza, uso wake ulikuwa umelowa.

Mezani kwa mjomba Colmán, juu ya mkate wa ngano nzima na siagi ya chumvi, Fiachra alijaribu mara ya mwisho. Akauliza kama alama zile zisingeweza kuingizwa kwenye simu. Colmán akacheka mpaka mbwa akatoka nje.

“Ziingize,” Nábla alisema. “Zitanyolewa mwezi wa sita. Baada ya hapo upande ukaulize nani ameuza kondoo na nani amemwoza binti, nyumba kwa nyumba. Na ujue kila nyumba ina chai, na chai haikataliwi.”

Hiltrud, goti lake likiwa juu ya kiti kingine, alisema ameshaamua kurudi mwezi wa tano na dada zake wawili, na kwamba hadi leo hajaona simu iliyombebea begi.

Fiachra aliweka kikombe chake mezani. Akamuuliza Nábla, akimwita Bibi Breathnach kwa mara ya kwanza, kama angekubali kuwachukua wageni wa mwezi wa tano, na wa miezi yote baada ya hapo. Nábla alikuwa na mkate mdomoni. Aliutafuna wote. Akanywa chai juu yake.

“Nitawachukua,” alisema. “Ila siku ya nne utatangulia wewe. Mimi nitakuwa nyuma.”

Na mwezi wa tano ndivyo ilivyokuwa. Fiachra alivuka Binn Odhar akiwa mbele, akitaja alama kwa sauti, na kila alipokosea Nábla alikohoa. Alikohoa mara nne tu kutwa nzima. Wakati wa kushuka, watu waliokuwa wakichimba mboji ya kuwashia moto walisimama wakaegemea majembe yao kuwatazama, kidevu juu. Wageni walipomuuliza Nábla kuhusu kile kikohozi, alisema ni mafua.