Aliyeachwa Bila Kuambiwa

Mpaka leo sijaelewa kwa nini mtu amwache mkewe, kisha aendelee kula ugali wake kwa miaka miwili.

Nilikuwa mahakama ya mwanzo, Kilosa, nikingoja muhuri. Mbele yangu mama mmoja wa Kidete alikuwa akiuliza namna ya kudai talaka. Mumewe alikuwa amemfuata, kofia mkononi, akimnong'oneza, "Turudi nyumbani, mama watoto."

Karani alifungua daftari la talaka, akapitisha kidole, kikasimama.

"Mama, wewe umeshaachwa. Tangu mwaka juzi."

Mama alishika meza kwa mikono miwili, akamgeukia mumewe polepole.

"Uliniacha?"

"Niliandikisha tu. Nilikuwa na hasira."

"Na ugali wa jana ulikula kama nani?"

Mume aliizungusha kofia. Chumba kizima tuliduwaa. Hata karani alisahau muhuri wangu.

Labda mume aliona aibu kusema. Mimi simhukumu, kwani hakimu alikuwepo. Baada ya kuwasikiliza wote wawili, aliamua nyumba yao ya kijiji cha ujamaa abaki nayo mama, aliyeikandika kwa mikono yake, na mume aondoke. Aliyetekeleza ni balozi wa nyumba kumi: yeye mwenyewe alimbebea mume godoro, kichwani, mpaka stesheni.