Jembe la Siku ya Tatu

Mama yangu hakuwa mtu wa maneno matamu. Ukimletea zawadi, atakuuliza kama umekosa pa kuiweka. Kwa hivyo nilipougua kwa kujichosha, daktari akaniamuru niache kwa muda umeneja wangu wa hoteli kule Diani nipumzike, niliona taabu kurudi kwake Kikoneni mikono mitupu.

Maana tangu utotoni sifa yangu ilikuwa kazi. Wa kwanza darasani mimi, mabati ya nyumba ya mama kununua mimi, kukiwa na harusi au msiba hupigiwa simu mimi. Sasa nisipofanya kitu, mimi nani pale? Niliogopa kweli kweli.

Nikaenda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Loo, umekonda kama ng'onda! Ingia ule."

Siku mbili nikala, nikalala. Yeye hasemi kitu, anakuna nazi na kukaripia kuku. Kimya kile kilinitesa. Methali naijua kama kila mtu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nikasema singoji kuambiwa. Asubuhi ya siku ya tatu nikajifunga leso kiunoni, nikatoa jembe nyuma ya mlango, huyoo, kupalilia mahindi.

Sikufika hata mgombani.

"We! We mtoto we! Wapi na jembe langu?"

"Kupalilia, mama. Leo siku ya tatu."

Akaja mbio na mwiko mkononi, akaninyang'anya jembe hadi nikapepesuka. "Jembe hupewa mgeni. Nani kakwambia wewe u mgeni hapa?"

"Lakini nakula bure tu, mama. Sifanyi lolote."

"Na ulipokuwa ukinyonya, ulikuwa ukifanya nini?" Akafyonya. "Kaa hapo. Mbaazi zinapoa."

Nikakaa juu ya mbuzi yake ya kukunia nazi, nikalia kama mtoto. Hakunibembeleza. Aliniongezea mahamri.

Nilipopona nilirudi kazini, na sitasema uongo: hata leo Jumapili ikipita sijafanya kitu, roho hunidunda. Mama ametangulia mbele ya haki. Wallahi, naitamani sauti yake ile ya ukali kuliko sifa zote nilizopewa ofisini.

Idi iliyopita nilikwenda tena. Nyumbani sasa anakaa kaka yangu na mkewe. Siku ya tatu wifi yangu akanishikisha jembe, anacheka: "Wifi, siku mbili zimekwisha!" Utani wa mawifi tu, lakini moyo ulinishuka. Mpini ulikuwa ule ule, umelainishwa na viganja vya mama.

Nikaliegemeza ukutani. Nikaivuta mbuzi ya mama, nikaketi.

"Mimi si mgeni," nikamwambia. "Mbaazi ziko wapi?"