Uso wa Wilondja Kwenye Kioo

Kila ninapotia esanse, yaani petroli, kwenye jenereta ya karakana yangu hapa mjini Baraka, harufu yake hunipanda puani nami husimama kidogo, kidumu mkononi. Wateja hudhani ninapima. Sipimi. Ninakuwa nimerudi sebuleni kwetu, mtoto wa miaka kumi na miwili aliyekaa mkekani, na kaka yangu Wilondja ananitazama kutoka ndani ya kompyuta.

Niwaeleze kwa mpangilio. Wilondja alikuwa kifungua mimba wa nyumba yetu. Shirika moja lilipofunga ofisi yake mjini lilimwachia kompyuta, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiichapia kazi zake. Ilitumia mfumo wa Linux, na sura yake ninaikumbuka vizuri. Chini palikuwa na mstari wa kijivu. Juu ya mstari huo palikuwa na vimiraba vinne vidogo. Ukibofya kimoja, kioo kiligeuka kuwa chumba kingine, kama nyumba ya vyumba vinne. Pembeni palikuwa na pipa la taka, limechorwa hadi mfuniko. Na nyuma ya vyote, kama picha ya ukutani, alikuwa Wilondja mwenyewe amesimama ufukweni mwa ziwa, shati jeupe, macho ameyafinya kwa jua. Mgeni mmoja alimpiga picha kwa kamera isiyotumia filamu, akaiacha ndani ya mashine, akarudi kwao. Hatukuwa na nyingine. Za zamani zilipotea tulipokimbia vita.

Kisha Wilondja akaenda Misisi kutafuta dhahabu, na shimo likamfunika. Wenzake walichimba mpaka wakachoka. Hakutolewa.

Kilio bila maiti ni kigumu. Watu hawajui waelekee wapi. Ndipo Etabo, rafiki yake aliyejifunza naye kompyuta, alipoileta mashine sebuleni, akaiweka pale ambapo jeneza lingekaa. Kila alasiri jenereta ilinguruma nje, na waliokuja kutupa pole walipiga magoti mbele ya kioo. Mzee mmoja jirani alilia vizuri sana, halafu akanyamaza ghafla.

"Ule mushale, nani ameuelekeza ku jicho ya mutoto?"

Etabo akausogeza pembeni. Tulicheka, hata Mama.

Shangazi, dada yake Baba, hakucheka. Yeye alikerwa na vijipicha vya mafaili vilivyopangwa upande wa kushoto wa kioo, vikikaa juu ya bega la Wilondja.

"Bile bintu binamulemea," alisema kila alipoingia.

Kwetu nyumba yenye kilio haifagiliwi. Majivu hubaki mekoni na vumbi sakafuni mpaka siku ya kuondoa matanga. Siku hiyo shangazi wa marehemu ndiye anayeanza kufagia, na takataka zote hutupwa mbali na nyumba kabla jua halijazama. Siku ilipofika, Shangazi alifagia sebule, akafagia uwanja, kisha akarudi na ufagio mkononi, akasimama mbele ya kompyuta iliyokuwa inawaka.

"Etabo, na humu ufagie. Umutoe bile bintu ku bega."

"Lakini Shangazi, ni kazi zake."

"Kazi zake zimeisha. Fagia, mutoto wangu."

Nani angebishana na shangazi mwenye ufagio? Etabo alikivuta kijipicha kimoja baada ya kingine hadi kwenye pipa, na pipa likaonekana limejaa makaratasi. Shangazi akaliona hilo pia.

"Takataka hailalaka ndani ya nyumba."

Etabo akalimwaga.

Kioo kikawa safi. Wilondja alisimama peke yake, bega halina mzigo, akapendeza kuliko siku zote. Mama alishukuru. Mimi nilimtazama Etabo, kwa sababu mkono wake ulikuwa umeganda mezani. Kijipicha kimoja kati ya vile kilikuwa picha yenyewe ya ufukweni.

"Tunamuona, lakini hayuko tena mu mashini," alisema polepole. "Inamukumbuka tu kwa sababu haijazimika. Ikizimika, itamutafuta, haitamupata."

Baba akatoka kutazama tangi. Esanse ilikuwa imebaki kidogo. Mashua iletayo esanse kutoka Uvira haikuwa imefika, na akiba ya mjini ilikuwa imemezwa na pikipiki za Misisi. Mpiga picha tuliyemjua, ambaye angekipiga picha kile kioo, alikuwa mbali, huko Nundu, kwenye harusi. Baba alituma watu kote kote, kisha akaingia, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mgeni nyumbani kwake.

Mama hakuelewa, au alikataa kuelewa. "Fungua chumba kingine," alimwambia Etabo.

Etabo akabofya mraba wa pili. Wilondja yupo. Wa tatu, yupo. Wa nne, yupo, macho ameyafinya kwa jua.

"Si munaona?" Mama akasema. "Iko mu byumba byote. Mutu wa byumba ine atapotea namna gani?"

Etabo alifungua na kufunga kila alichojua kufungua, na alichojua kilikuwa kidogo. Shangazi alikaa mkekani, ufagio mapajani. Jenereta ikaanza kukohoa, na kila ilipokohoa taa ilififia nasi tukazuia pumzi. Mama alisogea karibu na kioo, akaanza kumpa mwanawe habari za nyumbani: mbuzi amezaa, mihogo ya bondeni imeoza. Hakuimaliza ya mihogo.

Esanse ilipatikana asubuhi. Baba aliimimina yote. Mashine ikawaka, mstari wa kijivu ukatokea, vimiraba vikatokea, na nyuma yake rangi ya buluu, tupu. Mama alitaka aoneshwe vyumba vyote vinne. Halafu akauliza kama hakuna cha tano.

Kompyuta nilijifundisha mwenyewe, ukubwani, kwa vitabu vilivyochanika majalada. Siku moja, nikisoma sura inayoeleza kazi ya kila kitufe, nilifika kwenye kimoja cha juu, upande wa kulia, ambacho watu wengi hawakigusi. Ukikibonyeza, mashine huchukua picha ya kioo jinsi kilivyo na kukuuliza uihifadhi wapi. Nilifunga kitabu, nikatoka nje.

Utotoni niliamini kwamba alasiri ile hapakuwa na la kufanya, na imani hiyo ilinisaidia kulala. Lakini lilikuwapo. Wakati Mama anaeleza habari za mihogo, kiganja chake kilikuwa kimelala juu ya vitufe, na kitufe hicho kikiwamo.

Siku hizi Etabo ni mvuvi. Akipita mjini huja karakanani kuchaji simu, na hunitania kwamba nimemzidi ujuzi. Ninamkubalia, ninampa kiti, ninamuuliza habari za ziwa; ya kitufe sijawahi kumwambia.