Ng'ombe Thelathini na Wawili wa Eufrasia

Eufrasia alikuwa mkufunzi wa kituo cha walimu Bariadi, mzaliwa wa Bukoba, mama mwenye baiskeli imara na imani kubwa katika maandishi yake mwenyewe. Imani hiyo ilikuwa na sababu. Mwongozo wa hesabu wa darasa la tatu aliuandika yeye, sura zote kumi na mbili, akaupiga chapa na kuusambaza shule kwa shule. Walimu waliupokea kwa mikono miwili, na hakuna aliyewahi kuuliza swali. Yeye akadhani wameuelewa.

Miaka hiyo makampuni ya watu binafsi yalikuwa yameanza kugombea pamba, mitumba imejaa sokoni, na serikali inapunguza watumishi. Neno redandasi lilijulikana hata kwa wasiojua kusoma. Ofisi ilitaka majina ya walimu wa UPE, wale waliofunzwa kwa harakaharaka, wasioweza kufundisha, na jina la Shigela lilikuwa tayari kwenye orodha kwa penseli. Ripoti ya Eufrasia ndiyo ingelifuta au kulikoleza kwa wino.

Asubuhi hiyo aliketi nyuma kabisa darasani kwa Shigela. Mwalimu alikuwa amevaa koti zito kwenye joto lote hilo, maskini, na mwongozo ameushika kama Biblia.

"Baba yako ana ng'ombe thelathini na wawili," alisoma. "Ameuza kumi na watano. Wamebaki wangapi?"

Kimya. Watoto sitini wakatazama sakafu. Akarudia. Msichana mmoja wa mbele, Ng'washi, akaanza kulia. Eufrasia akaandika kwenye fomu ya ripoti: wanafunzi hawajui kutoa. Moyo ulimuuma, kwa sababu Shigela alikuwa na watoto saba.

Wakati wa mapumziko akamwona Ng'washi huyohuyo akigawa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa.

"Ilikuwa ishirini na mitatu," mtoto akamwambia mwenzake, hata bila kutumia vidole. "Nimekupa minane. Yangu ni kumi na mitano. Usinidanganye!"

Eufrasia akasimama palepale. Kisha akamfuata Shigela ofisini.

"Mwalimu, hawa watoto wanajua kutoa. Mbona darasani wamekuwa mabubu?"

Shigela aliinamisha kichwa. "Mayu, mama yangu, huku mtoto hatangazi ng'ombe wa baba yake mbele za watu. Ni kama kumtakia mifugo ife. Na wewe ni mgeni, una kalamu, unaandika. Angejibu, jioni angechapwa."

"Ulijua hayo?"

"Nimezaliwa hapa."

"Kwa nini hukubadilisha? Ungesema michembe, ungesema chochote!"

"Mwongozo umetoka wilayani, una muhuri, na umeuandika wewe. Mimi wa UPE nikusahihishe? Na redandasi hii?"

Eufrasia aliona aibu, aibu ya kweli ya kupandisha joto masikioni. Miaka miwili alikuwa akizunguka wilaya nzima kuwakosoa walimu kwa kimya alichokitengeneza mwenyewe.

Akaitoa fomu. Palipoandikwa wanafunzi hawajui kutoa akapiga mstari, juu yake akaandika: wanajua. Kwenye nafasi ya udhaifu wa mwalimu akaandika hakuna. Chini, kwenye sababu ya somo kushindwa, akaandika: mwongozo mbaya. Kisha akaweka jina lake, lote, na cheo chake.

Shigela alisoma, akashtuka. "Mama, watakupunguza wewe!"

"Huenda," alisema Eufrasia. Aliogopa, wala hakujidai kuwa haogopi. Akauweka mwongozo mezani na kumsogezea kalamu. "Sura zote kumi na mbili. Nisahihishe."

Shigela akavua koti, akavuta benchi, na katika ukurasa wa kwanza peke yake akafuta mifano minne.