Ishirini na Nane, Mia Mbili Sabini

Siku ile karakanani tulikuwa watano: mimi, mdogo wangu wa kike aliyetuletea chakula, mjomba wetu aliyekuwa fundi wa injini za maboti, mwenye boti aliyeleta kazi, na mhandisi kijana kutoka bara, aliyeajiriwa na serikali mpya kukagua maboti ya abiria. Wazazi wetu hawakuwapo, lakini ukutani ilitundikwa shafti iliyopinda, chuma kirefu kilichokuwa kikizungusha pangaboi la boti waliyofia. Ilipinda wakitoka Pate kuja Amu. Boti ikakosa nguvu, mawimbi yakaitupa mwambani. Kila nilipopita chini ya shafti ile niliinamisha kichwa, kama napita mbele ya wakubwa.

Mjomba, ndugu wa mama, ndiye aliyetuchukua. Mimi niliacha shule nikashika tupa kando yake, ili wadogo zangu wasome.

Mwenye boti alikuwa ameleta chuma cha shafti mpya. Mjomba akasoma namba iliyogongwa kwenye ncha yake, akatikisa kichwa.

"Hichi kigumu mno, Bwana. Kitabu cha injini chataka ishirini na nane. Hichi ni mia mbili sabini. Kigumu hivi hukatika ndiani, katikati ya safari. Ntakilainisha kwa moto, kama nilivyofanya ile ya kwanza."

Mhandisi akacheka. "Fundi, kanzu yako ulipimwa kwa yadi ikakatwa kwa inchi?"

"Kanzu yangu ameshona mwengine. Ndiyo maana yanikaa."

Mwenye boti naye akacheka. Mhandisi akatoa jedwali sandukuni, akalikunjua juu ya meza. Alieleza kwa upole. Ugumu wa chuma hupimwa kwa kukibonyeza. Kipimo cha Rockwell hutazama kina cha shimo. Cha Brinell hutazama upana wake. Kitabu kilitumia Rockwell, kiwanda kilitumia Brinell. Akaweka kidole kwenye ishirini na nane, akakisogeza hadi safu ya pili: mia mbili sabini, au karibu yake.

"Ni ugumu ule ule, mzee. Chuma hiki hakihitaji moto. Na hiyo ya kwanza iko wapi?"

Alifuata macho yetu hadi ukutani. Akaiteremsha shafti, akaweka juu yake kifaa chenye gololi ndogo ya chuma, akakigonga kwa nyundo. Akapima kishimo kwa kioo cha kukuzia, akarudi kwenye jedwali, akashuka nalo hadi mwisho.

"Imelainika mpaka safu ya Rockwell imekwisha. Hii lazima ingepinda. Ilileta hasara?"

"Iliwaua wazee wetu," akasema mdogo wangu, na kuanza kufungua sufuria ya chakula.

Mjomba hakula. Kesho yake nilifika kazini kama kawaida, nikamkuta ameketi mbele ya tanuri isiyo na moto.

Ijumaa alitoka kwa kadhi akaja moja kwa moja kwangu. Aliambiwa kwamba aliyeua kwa kukosea hufunga miezi miwili mfululizo, na warithi wa marehemu wana haki yao ya fidia juu yake, mpaka watakapoisamehe.

"Kufunga ntafunga," akasema. "Haki yenu ndiyo siiwezi, mwanangu, nikiuza hata tupa."

"Yangu nimekusamehe, mjomba."

"Na ya wadogo zako?"

"Si yangu kuisamehe. Kadhi hakukwambia?"

"Aliniambia. Ni ya kila mmoja, akibaleghe."

Alifunga miezi yake yote akipiga nyundo juani, midomo imempasuka. Mdogo wangu wa kike alipokua alikwenda mwenyewe akamsamehe, na mjomba akamshika kichwa akalia.

Amebaki kitindamimba wetu. Wazazi walipokufa alikuwa bado ananyonya, na tangu aanze kusema humwita mjomba baba. Sasa ni mtu mzima. Mjomba hatoki tena kitandani, na kila nikimpelekea uji huniuliza kama nimeshamwambia habari ya shafti. Nami humjibu kwamba bado.