Ngata Niliyompa Mtu wa Reli

Cheka ukitaka, lakini ukimaliza kaa hapa kwa gunia hili la mahindi unisikize. Hii si hadithi ya kuambiwa. Ilinipata mimi mwenyewe, na siku hiyo sikuwa nimeonja hata tone la busaa.

Unaijua ile reli ya zamani inayoachana na reli kubwa hapa Malaba na kupotelea kwa nyasi? Ilikuwa inaenda mpaka kiwanda cha kuchambua pamba. Wazee wetu wa Chakol na Amukura walileta pamba kwa baiskeli, ikachambuliwa, ikafungwa marobota, ikapakiwa kwa mabehewa, ikaenda zake. Halafu kiwanda kikafa. Zikabaki kuta na popo, na reli ikabaki imelala kwa majani, mbuzi wanaikalia.

Mimi niliweka kisiagi changu kwa ghala moja la kiwanda hicho. Niliuza ng'ombe wote alioniachia marehemu bwanangu nikanunua mashine, na watu wakaja kusaga mahindi na wimbi. Tukaendelea vizuri mpaka mtu wa reli alipoanza kuonekana.

Anasimama pale kwa reli jua likizama, nguo za kaki, kofia, mkono mmoja ameutoa kando na kuukunja kwa kiwiko, hivi. Kila aliyemwona alisema jambo moja: anataka kukukaba shingo. Na kufika kwangu lazima uvuke reli. Akina mama wa hapa hutoka shamba jioni ndio wasage, wakapike. Sasa nani atakuja? Wakahamia kusaga mjini. Hata Etyang, fundi wangu wa mashine, mwanaume mzima mwenye ndevu, akawa anafungua mkanda wa mashine mchana anaenda kwake.

Aliyefurahi ni shemeji yangu, ndugu ya marehemu. Alikuwa anautolea macho uwanja wa kiwanda siku nyingi, aegeshe malori yanayongoja kuvuka kwenda Uganda. Akaja amevaa viatu vya kung'aa.

"Shemeji," akaniambia, "mwanamke hawezi kushindana na jini. Mavuno yakiisha na hiki kisiagi bado kiko kimya, mimi naleta tinga tinga."

Jioni hiyohiyo akirudi kwake alikutana na jini mwenyewe. Kiatu kimoja tulikiokota kesho yake. Lakini unafikiri alibadilisha maneno? Wapi! Na mimi nililia, haki ya Mungu, nililia kwa hasira, kwa sababu ng'ombe wangu wote walikuwa ndani ya chuma kile.

Basi jioni moja ya manyunyu nikafunga mlango nikaanza kwenda nyumbani, debe la unga kichwani. Kufika kwa reli, huyo hapo.

Wewe ungefanya nini? Mimi nilishika debe kwa mikono miwili. Nikasikia harufu ya makaa ya mawe. Nyuma yake hakukuwa na kitu cha kuonekana, lakini kitu kizito kilikuwa kinapumua, tshhh, tshhh, mpaka mawe chini ya nyayo zangu yakatetemeka. Naye alikuwa ameinama kama mtu anayechungulia kutoka dirishani. Nikautazama ule mkono wake. Nikautazama tena.

Niamini, nikaanza kucheka.

Mkono ule niliujua! Baba yangu alikuwa mtu wa steshenini. Reli ni moja, treni zinakuja huku na huku, kwa hivyo zamani dereva hakuruhusiwa kuendelea mpaka steshenini wampe ringi, duara kubwa la kushikwa. Hiyo ringi ndiyo ruhusa. Treni haisimami, baba anainua ringi juu, msaidizi wa dereva anatoa mkono aliokunja hivyo hivyo, ringi inaingia. Sisi watoto tulicheza mchezo huo kwa ringi za baiskeli mpaka mama akatuchapa. Huyu mtu hakutaka shingo ya mtu. Alikuwa ananyimwa njia, na kila anayemwomba anatoka mbio.

"Mzee," nikamwambia, "pole sana. Umengoja."

Nikaweka debe chini. Ringi sina, lakini nina ngata, kile kiduara cha majani ya mgomba tunachowekea mzigo kichwani. Nikaiinua juu kama baba, nikakimbia kando ya reli, mama mzima, nikaipachika kwa mkono wake.

"Laini iko wazi!" nikapiga kelele. "Nenda!"

Honi ililia mpaka mbwa wa Malaba wote wakajibu. Upepo ukanipita, behewa baada ya behewa, sikuona hata moja, na uso wangu ukajaa nyuzi za pamba. Mtu wa reli akavua kofia akanipungia. Nikabaki peke yangu na debe langu, ninaruka ruka na kupiga vigelegele!

Asubuhi Etyang alikuta nyasi zimelazwa katikati ya vyuma mpaka reli kubwa, na pamba imenasa kwa miiba. Hapa kwetu nani analima pamba siku hizi?

"Mama, nani amepitisha treni hapa?"

"Mimi," nikamjibu. "Funga mkanda."

Jioni tukawasha mashine ikanguruma bila kitu ndani, ili akina mama wasikie. Wakaja mmoja, wakaja wawili, na leo ona foleni hiyo.

Kiganja changu hiki kinanuka makaa mpaka leo. Nimesugua na majivu, nimesugua na limau, wapi. Nusa. Na wewe nakuonya: reli haijang'olewa, na sijui ni treni ngapi zingine zilinyimwa njia. Ukija kwangu jioni, usivuke bila ngata.

Unadhani natania? Mtazame yule wa tano kwa foleni, mwenye viatu vya kung'aa. Gunia lake amelileta kwa pikipiki, lakini ngata ameivaa kichwani. Huyo ni shemeji.